Jogoo wa Bibi na Nzi wa Kuvulia

Jogoo tuliyemchinja Mabira siku mbili kabla ya Krismasi alikuwa mwekundu wa kutu shingoni, mkia mweusi unaong'aa kijani ukipigwa na jua, na hakuwa wetu. Alikuwa wa bibi. Tulimchinja bibi akiwa kanisani. Hata mchuzi wake usingesaidia kumpoza, maana bibi, kama wanawake wengi wa rika lake huku Kagera, hajawahi kula kuku. Anafuga, anauza, anachinjia wageni, lakini yeye mwenyewe hali. Basi aliporudi na kuuliza jogoo yuko wapi, hatukuwa hata na bakuli la kumsogezea kwa kuomba radhi.

Sababu ya kumchinja ilikuwa manyoya, na si manyoya yote. Tulitaka ya shingoni, na yale marefu yanayoning'inia kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa amerudi kutoka Nairobi baada ya miaka sita ya kazi ambayo hapa kijijini hakuna aliyemwamini alipoieleza: alikuwa akifunga manyoya kwenye ndoano. Ndoano ndogo, nyingine ukiiweka kwenye kucha ya kidole kidogo inabaki nafasi. Anaibana kwenye jiliwa dogo la mezani, anaizungushia uzi, kisha unyoya wa kuku, mpaka inakuwa mfano wa mdudu. Wazungu wanakiita nzi. Wanakirusha mtoni kwa fimbo ndefu, samaki anadhani ni mdudu aliyetua majini, anadaka. Alilipwa kwa dazeni. Karakana ilipokosa oda akaambiwa asubiri nyumbani, na kusubiri kwenyewe kukamfikisha Mabira akiwa na jiliwa lake ndani ya begi la nguo.

Jioni ya kwanza alikaa barazani akimwangalia yule jogoo namna mchuuzi wa ng'ombe anavyomwangalia fahali. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyu ni tanuri."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba katika biashara ile kila rangi ya kuku ina jina lake, na mengi hayana uhusiano wowote na kuku. Unyoya mweupe au wa maziwa wenye mstari mweusi katikati umepewa jina la nyegere. Wenye mistari myeupe na myeusi kama ya pundamilia umepewa jina la dubu wa Marekani. Mwekundu wenye mstari mweusi unaopita katikati, kama wa jogoo wa bibi, unaitwa tanuri, na nadhani aliyeuita hivyo alikuwa amekaa mbele ya makaa. Nilicheka, lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za manyoya haya. Nimekuta historia ndefu kuliko nilivyodhani, na ndani yake vitabu vingi mno kwa jambo dogo kama hili. Wasomaji wa hapa mnapenda vitabu, kwa hiyo nivumilieni.

Habari ya zamani tuliyonayo kuhusu jambo hili imeandikwa na Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki takriban mwaka 200 baada ya Kristo. Katika kitabu chake juu ya tabia za wanyama anasema kuna mto Makedonia, kati ya Berea na Thesalonike, wenye samaki wa madoadoa. Samaki hao hula mdudu fulani anayeelea juu ya maji. Wavuvi hawawezi kumtumia mdudu mwenyewe kuwa chambo, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu anapoteza rangi yake na mabawa yake yananyauka. Basi wanafanya hila. Wanaivalisha ndoano sufu nyekundu, na juu ya sufu wanafunga manyoya mawili yanayoota chini ya zile nyama zinazoning'inia kidevuni mwa jogoo, manyoya yenye rangi kama ya nta.

Hebu soma tena hapo kwenye manyoya. Hakusema manyoya ya kuku tu. Alisema ya jogoo, ya sehemu fulani ya shingo, na ya rangi fulani. Inamaanisha kwamba miaka 1,800 iliyopita kulikuwa na watu ambao tayari walikuwa wamepitia kuku wengi, wakatupa mengi, wakafika kwenye hayo mawili. Aelianus hatuambii majina yao. Kwake walikuwa Wamakedonia, basi. Nimeliwekea alama jambo hilo, kwa sababu hadithi hii yote inakwenda hivyohivyo: anayeandika anakumbukwa, anayefunga unyoya hakumbukwi.

Waingereza ndio waliofanya uvuvi huu kuwa fasihi. Mwaka 1496 mchapishaji Wynkyn de Worde alitoa kijitabu cha kuvua kwa ndoano, ambacho kwa desturi kinahesabiwa kuwa cha mtawa mmoja, Juliana Berners, ingawa wanahistoria wengi hawakubali. Kinaorodhesha nzi 12 kwa kufuata miezi, na humo ndani kuna unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu aliyehasiwa. Mwaka 1653 akaja Izaak Walton na kitabu chake maarufu cha mvuvi, na mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton akaongeza sehemu ya pili iliyoeleza namna ya kutengeneza nzi. Mimi nasema Cotton ndiye anayefaa kusomwa. Walton ni mzuri kwa nyimbo na maziwa ya ng'ombe na jioni za baridi, lakini Cotton ana vidole. Unaona kabisa kwamba huyu alikuwa na uzi mkononi.

Mambo yalibadilika kweli mwishoni mwa karne ya 19. Kwenye mito ya Hampshire yenye maji meupe kama kioo, akina Frederic Halford wakashikilia kwamba nzi lazima aelee, asizame. Kitabu chake cha nzi wanaoelea kilitoka mwaka 1886. Hapo ndipo shingo ya jogoo ikawa mali. Nzi wa kuzama anaweza kutengenezwa kwa unyoya laini wa tetea, kwa sababu ukilowa unacheza majini kama miguu ya kitu chenye uhai. Lakini nzi wa kuelea anasimama juu ya ncha za unyoya. Unauzungusha unyoya kwenye ndoano, vile vinyuzi vinavyotoka pande mbili za uti wake vinasimama kila upande kama miale, na mdudu wako anakaa juu ya maji bila kuzama. Vinyuzi vikiwa laini, vinakunywa maji na nzi anazama. Vikiwa virefu mno, anapinduka.

Dada alinionyesha namna ya kuchagua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona popote imeandikwa kwa Kiswahili. Kwanza unauinua unyoya kwenye mwanga. Katikati, karibu na uti, kuna sehemu yenye ukungu, vinyuzi vimeshikana kama pamba. Hiyo haifai, inanyonya maji. Kadiri ukungu ulivyo mwembamba ndivyo unyoya ulivyo bora. Pili, unaukunja unyoya uwe kama upinde ili vinyuzi visimame peke yake, kisha unaupitisha taratibu kwenye mdomo wa juu. Ukichoma kidogo, mzuri. Ukikutekenya, mpe tetea wake. Tatu, unapima vinyuzi na uwazi wa ndoano, yaani nafasi kati ya ncha na mti wake: vizidi nafasi hiyo kwa nusu tena, si zaidi sana. Na urefu huo usibadilike kuanzia chini hadi karibu na ncha. Mwisho unaukunja uti uone kama unapinda bila kuvunjika, maana uti mgumu ukizungushwa kwenye ndoano unajipinda upande na kuharibu kila kitu. Alifanya yote hayo kwa sekunde nne hivi. Miaka sita, maelfu ya manyoya kwa wiki, na trauti, samaki mwenyewe anayetegewa, hajawahi kumwona hata mmoja.

Siku ya pili tukamchinja jogoo.

Mpango ulikuwa hivi. Dada alikuwa na namba ya mtu aliyekuwa akiiletea karakana manyoya. Tungempigia picha, tungemtumia sampuli, akipenda tungenunua majogoo kijiji kizima. Mabira kila nyumba ina jogoo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu za bodaboda mpaka Kayanga. Tuliichuna ngozi ya shingo na ya kiuno, tukaipaka chumvi, tukaitandaza kwenye ubao barazani, na mbele ya simu ilionekana kama kitu cha mfalme. Jibu lilikuja jioni ileile, fupi: manyoya mafupi, ukungu mwingi, vinyuzi havilingani, hayafai. Dada alisoma, akachukua unyoya mmoja, akaupitisha mdomoni, akanyamaza. Baadaye alikiri kwamba alijua tangu alipoushika wa kwanza. Alikuwa amedanganywa na rangi.

Kwa nini hayakufaa? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia, si samaki.

Hispania, katika jimbo la León, kuna bonde la mto Curueño na vijiji vyake vinavyofuga majogoo kwa ajili ya nzi wa kuvulia. Hati ya Astorga ya mwaka 1624, iliyoandikwa na Juan de Bergara, tayari inataja manyoya ya majogoo kwa uvuvi wa aina hiyo. Wako wa aina mbili, wa rangi moja na wa madoa, na vinyuzi vya manyoya yao vinang'aa na kuwa vigumu kama bati jembamba. Wenyeji hawawachinji. Wanawanyonyoa manyoya ya mgongoni mara chache kwa mwaka, yanaota tena, na jogoo anaishi miaka. Wao husema ukimhamisha jogoo huyo nje ya bonde, mng'ao unapotea. Mimi hiyo naiweka pamoja na yale tunayosema sisi kuhusu kahawa ya mlima fulani, lakini la muhimu ni muda. Karne nne za kuchagua jogoo gani apande tetea gani, kwa kuangalia unyoya.

Wamarekani walifanya hivyohivyo kwa haraka. Oregon kulikuwa na Henry Hoffman, mfugaji aliyechukua kuku wa mistari ya pundamilia na kuwachagua kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1989 Tom Whiting, msomi wa jenetiki ya kuku, akaichukua koo ile na kuanzisha shamba lake huko Colorado. Majogoo wake wanafugwa kila mmoja peke yake wasipigane na kuharibiana manyoya. Unyoya mmoja wa kiuno chake ni mrefu na mwembamba hata unafunga nzi kadhaa, ambapo zamani nzi mmoja aliweza kumaliza manyoya mawili. Rangi inayosumbua kuliko zote ni kijivu chenye ubuluu. Ukimpandisha jogoo wa rangi hiyo na tetea wa rangi hiyo, nusu tu ya vifaranga wanaifuata. Robo wanatoka weusi, na robo weupe wenye madoa. Bateson na Punnett wa Cambridge waliwatumia kuku wa aina hii mwanzoni mwa karne ya 20 kuonyesha namna urithi unavyofanya kazi. Wavuvi walikuwa wakilalamika juu ya jambo hilo siku nyingi kabla sayansi haijawapa maelezo.

Halafu mwaka 2011 likatokea jambo la kuchekesha. Wasichana wa Marekani walianza kusukia manyoya ya jogoo kwenye nywele, hasa baada ya mwanamuziki Steven Tyler kuonekana nayo kwenye televisheni. Saluni zikavamia maduka ya uvuvi. Manyoya marefu ya kiuno, yale ya pundamilia, yakapanda bei mara nyingi na kuadimika, na wavuvi wazee wakabaki wakigombania kuku na wasusi.

Na wizi upo. Juni 2009 kijana wa Kimarekani, Edwin Rist, mpiga filimbi aliyekuwa akisoma muziki London, aliingia usiku kwenye makumbusho ya Tring na kuondoka na ngozi 299 za ndege. Hawakuwa kuku bali ndege adimu wa msituni, baadhi yao waliokusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Manyoya yao yalikuwa kwa ajili ya nzi wa samoni wa mtindo wa kale, nzi wengi wasioonja maji kamwe. Kirk Wallace Johnson ameandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 2018. Ni kitabu kizuri, nakipendekeza. Ila nilipokimaliza nilibaki na dukuduku. Kurasa zote zile za watu wanaopagawa na manyoya, nami nikimfikiria dada na benchi lake Nairobi.

Maana Kenya nayo imo, na imo siku nyingi. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyesafiri kutoka Rasi hadi Kairo, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskochi, akayatia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Samaki akazaliana, walowezi wakavua, na palipo na wavuvi wa nzi panahitajika mafundi wa nzi. Kazi ile ikavuka ukoloni. Leo Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi kwa ajili ya ulimwengu. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, inatengeneza nzi wake huko. Nzi anayenunuliwa dukani Uskochi na mtu anayeamini ananunua mila ya babu zake, inawezekana kabisa amefungwa na mama mmoja wa Nairobi, kwa unyoya wa jogoo wa Colorado.

Fikiria safari hiyo. Unyoya unatoka Marekani, unakuja Afrika Mashariki kuzungushwa kwenye ndoano, unakwenda Ulaya kutegea samaki ambaye pengine mababu zake ndio waliosafirishwa mayai kuja Gura. Na kuku wa mtaani anayewika nje ya dirisha la karakana hana kazi yoyote humo.

Hatukuwa wajinga kabisa, lakini. Kuku wetu nao wamechaguliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamewapima kuku wa kienyeji wa Tanzania na kutofautisha koo kama kuchi, ching'wekwe, na singamagazi, kila mmoja na umbo lake. Kuchi mrefu, mgomvi, shingo kama askari. Ila waliowachagua walikuwa na maswali mengine. Atapona kideri? Atamkimbia mwewe? Tetea wake ataatamia mayai kumi na kutoa kumi? Huku kwenye falme za maziwa makuu yalikuwepo maswali mengine tena, kwani wapiga ramli walipasua vifaranga na kusoma matumbo yao kabla ya vita au safari. Kuku alitazamwa kwa makini sana. Alitazamwa ndani.

Nawaza pia kuhusu Speke. Alifika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, akapokewa vizuri na Mfalme Rumanyika, na ziwa lililo chini ya ikulu likapewa jina la Windermere Ndogo, kwa kumbukumbu ya ziwa la kwao Uingereza. Alikuwa mtu wa kupima; alimpima kwa utepe hata shemeji wa mfalme, na akaandika vipimo vyake kitabuni. Windermere la kwao lina trauti. La kwetu lilikuwa na viboko, naye akaenda kuwawinda. Nilikuwa nikidhani jina lile ni ubeberu tu, basi. Siku hizi naliona pia kama ugonjwa wa mtu aliyekumbuka nyumbani, na hao ndio baadaye waliokuja na mayai ya samaki ndani ya barafu.

Dada hakuyatupa manyoya. Alitenga yale laini kabisa na kuongeza ya tetea mmoja wa kijivu tuliyeyaokota chini ya mti wa parachichi, akafunga nzi wa kuzama sita au saba, na kuyaacha hayo kwenye kiberiti. Hakuna wa kumuuzia hapa. Samaki anayefika Mabira anakuja amekaushwa, kutoka Bukoba, hajali unyoya. Aprili karakana ilimwita tena, akaenda. Kazi ni kazi.

Lakini kabla hajaondoka tulilipa deni. Bibi alitupeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mama mmoja mwenye mapora wanne, achague jogoo mpya, sisi tutoe pesa. "Waitu, mmoja tu," alimwambia mwenye nyumba, "lakini nimwone mama yake kwanza." Akaletewa tetea. Akauliza alitaga mangapi, akaangua mangapi, na mwaka ule wa kideri alikuwa wapi. Kisha akawashika mapora mmojammoja, akawapima uzito kwa mkono, akatazama magamba ya miguu, akafungua mabawa kuangalia utitiri. Mweupe alimkataa bila kumshika: mwewe anamwona toka Rwanda, alisema. Akamchukua mwekundu mwenye miguu ya njano. Shingo hakuitazama kabisa.

Dada alikuwa ameokota unyoya mmoja uliodondoka kwenye purukushani, na kwa mazoea akaukunja na kuupitisha kwenye mdomo. Bibi akamwona.

"Unatafuta nini hapo?"

"Naangalia kama unachoma, bibi."

Bibi alimpa pora nimshikie, akaomba ule unyoya, akaupitisha kwenye mdomo wake wa juu, polepole, mara mbili. Ndiyo siku pekee niliyomwona akiweka kuku mdomoni.

"Unatekenya," akasema, akaurudisha.